Nguvu ya injini ikiongezwa, nani hulipa?

Miongoni mwa biashara zisizotangazwa kwa bango ila zinazostawi katika kisiwa cha Mombasa, imo ile ya kuziongezea nguvu injini za dizeli. Mwenye matatu ambaye gari lake limekuwa zito, dereva wa lori aendaye bara na kontena kutoka bandarini, na hata kijana aliyenunua gari lake la kwanza akachoka kupitwa na wenzake kwenye daraja la Nyali, wote humwendea fundi kwa ombi moja: gari livute zaidi. Fundi hufanya kazi yake kwa muda ambao pengine haufiki saa moja, hupokea ujira wake, na gari huondoka likiwa jepesi. Hapana risiti, hapana karatasi ya maelezo, wala hapana aulizaye ni kitu gani hasa kilichobadilishwa.

Kazi hiyo huchukuliwa kuwa siri kati ya fundi na mteja wake. Kwa maoni yangu ni jambo la umma, nalo lastahili kujadiliwa na walimu na wanafunzi kama tujadilivyo bei ya unga au karo za shule. Nitajaribu kuonyesha kwamba nguvu iongezwayo kwa njia hiyo haizuliwi na fundi. Hukopwa kutoka katika akiba ambayo mtengenezaji wa injini aliiacha kwa makusudi. Na hapa petu, anayeutumia mkopo huo aghalabu siye anayeulipa.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuchungulia ndani ya injini, yafaa kwanza tueleze namna inavyofanya kazi. Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Tofauti kubwa baina yake na injini ya petroli ni kwamba haina plagi za kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikabaki sehemu moja tu kati ya 16, au hata 22, za ujazo wake wa awali. Hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe.

Kutokana na hayo, kanyagio la mafuta katika gari la dizeli halifanyi kazi sawa na la petroli. Katika petroli, mguu wa dereva hufungua njia ya hewa, na mafuta huifuata hewa. Katika dizeli, kwa kawaida hewa huingia kadiri iwezavyo, na mguu wa dereva huamrisha kiasi cha dizeli peke yake. Atakaye nguvu zaidi hana haja ya kuunda kitu kipya. Anachohitaji ni kuongeza dizeli. Hapo ndipo penye kishawishi. Katika pampu za zamani, kama zile za matatu za Toyota HiAce zenye injini za 2L, 3L na 5L, kuna skrubu moja inayoweka kikomo cha dizeli. Kiwanda huitia lakiri ili isiguswe. Fundi huivunja lakiri, huizungusha skrubu kidogo, na gari hupata nguvu siku iyo hiyo.

Dizeli imeongezeka, lakini hewa ni ile ile. Kila kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote; na kwa kuwa mafuta hayapati wasaa wa kuchanganyika sawasawa na hewa, injini ya dizeli huhitaji hewa zaidi ya hiyo ili isitoe moshi. Dizeli ikizidi, sehemu yake huungua nusu nusu na kutoka nje ikiwa masizi. Ule moshi mweusi tuuonao gari linapokanyagwa kutoka stendi si dalili ya nguvu, kama wadhanivyo vijana wengi. Ni dizeli iliyolipiwa kituoni kisha ikatupwa hewani.

Moshi ni hasara ionekanayo. Hasara isiyoonekana ni joto. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000, ilhali aluminiamu, ambayo ndiyo asili ya pistoni nyingi, huyeyuka kwenye nyuzi 660, na huyeyuka mapema zaidi ikichanganywa na metali nyingine. Pistoni haiyeyuki kwa sababu moto ule hudumu kwa kitambo kifupi mno, na kwa sababu oili, maji na kuta za silinda huliondoa joto kabla halijaidhuru. Mtengenezaji alipiga hesabu ya joto litakaloingia na joto litakaloondolewa. Aongezaye dizeli huongeza joto linaloingia bila ya kuongeza rejeta, pampu ya maji wala oili ya kuliondoa. Hedi hupata ufa, gasketi huungua, pistoni hutoboka. Aghalabu hayo hayatokei siku ya kwanza. Hutokea miezi baadaye, gari likiwa limejaa, mlimani, wakati wa jua kali, na kila mtu akiwa ameisahau ile skrubu.

Wenye magari ya turbo hudhani kwamba wao wameepukana na balaa hili, kwa kuwa turbo huisukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Ni kweli kwamba hewa ikiongezwa pamoja na dizeli moshi hupungua, na kazi ikifanywa na mjuzi joto nalo huweza kudhibitiwa. Hata hivyo msukumo ndani ya silinda huzidi, na msukumo huo hubebwa na gasketi, konrodi na beringi za krenki. Ukitoka hapo hubebwa na klachi na giaboksi, ambazo zilipimwa kwa nguvu ya awali. Turbo yenyewe huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, au dereva akizoea kuizima injini ghafla mara tu baada ya kuikamua, utando huo huharibika na turbo hufa.

Magari ya siku hizi hayana skrubu hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 injini nyingi za dizeli zimekuwa zikiamrishwa na kompyuta, na dizeli husukumwa kwa msukumo unaozidi ule wa hewa tunayovuta kwa mara 1,300 na zaidi. Hapo fundi huibadilisha programu ya kompyuta, au huunganisha kisanduku kidogo kwenye nyaya zake. Kazi ya kisanduku hicho, kwa lugha ya wazi, ni kusema uongo. Kompyuta ikiuliza msukumo wa dizeli ni kiasi gani, kisanduku huijibu kwamba ni mdogo kuliko ulivyo. Kompyuta, kwa kuamini, huuongeza. Wauzaji huahidi nguvu zaidi kwa asilimia 20 au hata 30. Wasichosema ni kwamba injini hiyo sasa inalindwa na mlinzi aliyedanganywa, asiyeijua hali ya kile anacholinda.

Uongo wa aina hii haukuanzia gerejini. Mwezi wa Septemba 2015 idara ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati wa ukaguzi, ikayafanya magari yatoe moshi safi mbele ya mkaguzi na moshi mchafu barabarani. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Nalitaja jambo hili ili asije mtu akasema kwamba ila hii ni ya mafundi wa jua kali peke yao. Kiwanda chenye wahandisi na maabara kilifanya hivyo hivyo, na huko pia gharama iliwaangukia watu ambao hawakuulizwa, nao ni wale waliouvuta moshi.

Si haki, lakini, kuwahukumu mafundi wetu bila ya kusikiliza hoja yao. Nimekuwa na mazoea ya kukusanya maneno ya kazi mbalimbali za mjini, na kwa ajili hiyo nimeketi mara kadhaa gerejini nikisikiliza. Siku moja nilimwuliza fundi mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa kwa kazi ya pampu, iwapo haogopi kuivunja lakiri ya kiwanda.

“Mwalimu,” aliniambia, “hawa Wajapani wameipa injini uwezo, kisha wakaufunga. Mimi namfungulia mteja kilicho chake.”

“Na injini ikifa, fundi?”

“Hurudi kwangu. Nikamfungulia injini.”

Waliokuwapo walicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini jawabu lile lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hoja ya fundi ina ukweli ndani yake. Toyota, mathalani, iliitumia injini yake ya dizeli ya lita 3 ijulikanayo kama 1KD katika HiAce, Hilux na Prado, na katika HiAce iliiwekea nguvu ndogo kuliko katika ndugu zake. Fundi aonaye hayo ana haki ya kuuliza: ikiwa chuma ni kile kile, kwa nini hiki kifungwe? Jibu ni kwamba chuma si injini nzima. Katika HiAce injini imefichwa chini ya viti vya mbele, mahali ambapo hewa ya kuipoza ni haba, na gari lenyewe limekusudiwa kubeba mzigo kutwa nzima, likisimama na kuondoka. Uwezo ule haukufungwa kwa choyo. Uliwekwa akiba.

Na akiba hiyo ni ya nini? Ni ya siku mbaya. Mtengenezaji ajua kwamba gari litapata siku ya joto kali, siku ya mafuta mabaya, siku ya mzigo uliozidi, siku ambayo oili haikubadilishwa kwa wakati, na hatimaye siku za uzee. Kwa gari la Mombasa siku hizo mbaya ndizo siku zote. Joto na unyevu wa pwani havipungui, na hewa ya chumvi hula rejeta. Foleni ya kuingia kisiwani huiacha injini ikinguruma bila ya upepo wa kuipoza. Kuhusu mafuta, mwaka 2018 serikali ililazimika kuweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa kuwa walanguzi walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Na mafuta ya taa hayailainishi pampu kama dizeli ifanyavyo. Fauka ya hayo, magari yetu mengi huletwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Sheria inaruhusu gari la hadi miaka 8. Sehemu ya akiba yake imekwisha kuliwa kabla halijateremshwa bandarini Kilindini.

Kuna na jambo jingine ambalo walimu wa jiografia na fizikia wanaweza kulitumia darasani. Mombasa iko usawa wa bahari; Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Huko juu msukumo wa hewa umepungua kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Injini isiyo na turbo, ambayo dizeli yake iliongezwa kisiwani mpaka ikafika ukomo wa kutoa moshi, ikipanda bara hukuta hewa imepungua ilhali dizeli ni ile ile. Itatoa moshi mweusi na itachemka zaidi kila ipandapo, na hiyo ndiyo safari ambayo lori la bandarini hulazimika kuifanya tangu linapoanza kupanda kuelekea Mazeras. Lenye turbo litaokolewa na turbo, lakini turbo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuifidia hewa iliyokosekana. Na kama fundi alikwisha kuifikisha ukomo wake Mombasa, haina tena pa kwenda.

Sasa turudi kwenye swali la malipo. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yametuonyesha kwa miaka mingi injini zilizoongezwa nguvu kupita za kawaida. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hesabu yake ilikuwa wazi. Mwenye gari alijua kwamba injini ingefunguliwa na kuundwa upya baada ya mashindano. Alikuwa na mafundi wake, vipimo vyake na fedha zake. Na aliyeketi ndani ya gari aliichagua hatari hiyo mwenyewe. Aliyetaka nguvu ndiye aliyelipa.

Katika matatu mambo ni mbali kabisa. Dereva aghalabu si mwenye gari. Anatakiwa kila jioni apeleke hesabu ya mwenye gari, na kinachobaki ndicho chake na makanga wake. Gari likivuta vizuri, atapata safari moja au mbili zaidi kati ya mjini na Mtwapa au Magongo, na faida ya safari hizo huila usiku uo huo. Injini ikifa baada ya miezi sita, huenda yeye yuko kwenye gari jingine. Anayebaki na chuma kilichokufa ni mwenye gari, ambaye mara nyingi ni mwalimu mstaafu au mjane aliyeitia humo akiba yake yote, na pengine hakupata kuambiwa kwamba pampu imeguswa. Simlaumu dereva. Mtu aliyewekewa hesabu ya kila siku hufikiri kwa siku. Angekuwa na mshahara wa mwezi angefikiri kwa mwezi.

Baada ya mwenye gari hulipa abiria. Aliyeongeza nguvu hakuongeza breki. Mwanzoni mwa mwaka 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zililazimisha matatu kufungwa kidhibiti mwendo na kutopita kilomita 80 kwa saa. Kilomita 80 haikuwa tarakimu iliyookotwa tu. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa lina nguvu ya mwendo inayokaribia kuwa mara mbili ya lile linalokwenda 80, na nguvu hiyo yote haina budi kumezwa na breki zile zile na matairi yale yale. Injini iliyoongezwa nguvu na kidhibiti mwendo kilichochezewa ni ndugu wawili: kwa kawaida akija mmoja, wa pili hayuko mbali.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kufundishwa maana ya kuila akiba ya chombo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakapoteza maisha. Chombo kikibeba zaidi ya kipimo chake leo na kikafika, kesho pia kikafika, watu huanza kuamini kwamba kipimo kiliwekwa na waoga. Kufika huko hakuthibitishi kwamba kipimo kilikosewa. Huthibitisha tu kwamba akiba ilikuwa bado ipo.

Wa mwisho kulipa ni yule asiyepanda gari lenyewe. Ndia Kuu, Kibokoni na vichochoro vya Mji wa Kale vilipimwa kwa mwendo wa watu na punda. Nyumba zimekaribiana, upepo wa bahari hauingii sawasawa, na watu wetu wana desturi ya kuketi barazani baada ya Alasiri. Mtu aketiye barazani, pua yake haiko juu sana ya bomba la moshi la pikapu ipitayo. Watoto waendao madrasa wako karibu zaidi. Mwezi wa Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutia moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Chembe za masizi ni ndogo kiasi cha kuingia ndani kabisa ya mapafu. Tangu mwaka 2015 Kenya imepunguza kikomo cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika milioni, hatua iliyogharimu fedha na juhudi. Kisha fundi mmoja, kwa kuzungusha skrubu moja, au kwa kulitoa chujio la moshi ambalo gari jipya lilikuja nalo, huibatilisha faida hiyo katika mtaa mzima. Mwaka 2011 Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na kuta zake zinalindwa kwa sheria. Vifua vya waishio kando ya kuta hizo vyastahili ulinzi usiopungua huo.

Nilisema kwamba jawabu la fundi lina mafunzo mawili. La pili ni la lugha. Fundi yule alilitumia neno “kufungua” mara mbili: alimfungulia mteja uwezo wake, kisha akamfungulia injini. Kufungua kwa kwanza kuna harufu ya ukarimu, kama kumfungulia mgeni mlango. Kufungua kwa pili, kama kila mwenye gari ajuavyo, ni msiba wa maelfu ya shilingi. Kitendo cha kwanza ndicho kilichokizaa cha pili, lakini kwa kuwa vimetenganishwa na miezi kadhaa, mteja huviona kuwa ni mambo mawili yasiyohusiana: hiki ni huduma, kile ni bahati mbaya.

Tazama pia tunavyoyasifu magari. Nguvu tunaisifu kwa maneno ya kutenda: gari linavuta, linapaa, lina moto. Kutegemeka tunakusifu kwa kukanusha: gari halisumbui, halilali njiani, halijanitia aibu. Sifa ya kukanusha haina mashabiki. Hakuna kijana atakayewakusanya wenzake awaonyeshe gari ambalo kwa miaka kumi halijalala njiani. Hali hiyo haiko katika magari tu. Tunamsifu mwanafunzi aliyekesha usiku mmoja akapasi, kuliko yule aliyesoma kidogo kidogo mwaka mzima. Tunalisifu jengo lililopanda kwa miezi mitatu bila ya kuuliza saruji ilipewa siku ngapi kukauka. Mazoea ya kuiona akiba kuwa ni mali iliyolala bure, inayongoja mjanja wa kuifungua, ni mazoea ya jamii nzima, na skrubu ya pampu ni mfano wake mmoja tu.

Nini basi kifanyike? Sheria hazikosekani. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 zilitungwa kanuni za kudhibiti moshi wa magari mwaka 2006, na za ubora wa hewa mwaka 2014. Panapohitajika juhudi ni penye utekelezaji. Ukaguzi wa magari ya abiria uupime moshi kwa kifaa, gari likiwa limekanyagwa, na uiangalie lakiri ya pampu kama uangaliavyo mikanda ya viti. Pili, kanuni za mwaka 2014 zilizotaka magari ya abiria yaendeshwe chini ya vyama au kampuni zenye magari yasiyopungua 30 zimetupa chombo cha kuondolea hesabu ya kila siku. Chama chenye magari 30 kinaweza kuwalipa madereva mshahara, na kinaweza kuweka daftari la kila injini. Tatu, mafundi wenyewe, ambao ujuzi wao nauheshimu, waandike walichofanya. Mwenye gari apewe karatasi isemayo: dizeli imeongezwa kiasi hiki, oili sasa ibadilishwe kila baada ya kilomita hizi, gari lisipelekwe bara na mzigo huu. Fundi anayeijua kazi yake hana sababu ya kuogopa karatasi. Na mteja akisoma masharti hayo, huenda akaona kwamba alichohitaji ni kusafisha nozeli, kubadilisha chujio la hewa na kuziba mahali msukumo unapovujia. Mara nyingi gari lililokuwa zito halikukosa nguvu mpya. Lilikosa matengenezo ya kulirudishia nguvu zake za zamani, na nguvu hizo hazina riba.

Kwenu walimu, nina ombi moja. Somo la joto, msukumo na nguvu ya mwendo tunalifundisha kwa mifano ya vitabuni ambayo mwanafunzi wa Majengo au Kibokoni hajapata kuiona, ilhali gereji iko hatua chache kutoka langoni mwa shule. Wapelekeni wanafunzi wakamwulize fundi kwa adabu, wayaandike maneno yake kwa Kiswahili chake, kisha darasani wapige hesabu ya hewa, dizeli na joto. Wataijua fizikia, wataijua lugha, na watajifunza kuuliza swali ambalo ni geni mno katika mazungumzo yetu. Mtu akiwaambia kwamba ameongeza kitu, iwe ni nguvu ya injini au ghorofa juu ya nyumba, wamwulize kitu hicho kimetoka wapi, na nani atakirudisha.